Mwamuzi Asiyejua Kiingereza

Nilipokuwa mdogo kule Suguti, baba alikuwa na beberu mmoja mkorofi, tukimwita Bwana Shauri kwa sababu kila alikopita alileta kesi. Alikula mtama wa jirani, akala kanga ya shangazi ikiwa bado kwenye kamba, na siku moja akala shati langu la shule, akabakiza kola. Baba akasema, "Shati jingine mpaka pamba iuzwe." Pamba mwaka ule ikanyauka. Basi shule yangu ikaishia darasa la nne, na pamba ilipokuja kustawi, shati lililonunuliwa lilikuwa la kufanyia kazi. Sisemi kwa uchungu. Yule beberu tulimla Krismasi, tukawa sawa.

Ndivyo nilivyofika Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikapanga chumba Nyasura. Siku ya kwanza nikapewa ufagio wa klabu ya wafanyakazi. Jioni nikakuta mabwana wanne wamezunguka meza, wanagombana wamesimama. Mezani kuna ubao wenye miraba na vipande vya mbao, kila kipande na herufi yake. Ulikuwa mchezo wa maneno. Unachomoa herufi mfukoni bila kuchungulia, unapanga neno la Kiingereza lishikane na yaliyopo. Herufi ngumu kama q na z zina pointi nyingi, kwa hiyo wachezaji wanatafutaga maneno ya ajabu, ambayo hata Mwingereza ukimwambia njiani atakuuliza unaumwa nini.

Bwana Meneja akaniona. "Wewe kijana, Kiingereza unajua?"

"Sijui, bwana."

"Hata kidogo?"

"Gudi moningi tu."

Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mwamuzi. Hana upande." Akanipa kamusi nene kama tofali.

Kazi yenyewe, vijana, ilikuwa hivi. Mchezaji akitilia shaka neno la mwenzake, anaweka pingamizi. Mimi nafungua kamusi, nalinganisha herufi moja moja kama mtu anayetafuta ng'ombe wake kwa alama ya sikio. Neno likiwepo, aliyepinga anapoteza zamu. Lisipokuwepo, mwenye neno anazoa vipande vyake. Lakini Bwana Meneja aliongeza sharti lake: kabla sijafungua, mwenye neno anieleze maana kwa Kiswahili mpaka nielewe. "Neno ambalo huwezi kumweleza mfagiaji," alisema, "hujalijua, umeliokota tu."

Hapo ndipo nilipopatia shule yangu ya pili. Nikajua "zebu" ni ng'ombe wetu hawa wenye nundu. "Thole" ni kile kijiti cha ubavuni mwa mtumbwi, kasia linapoegemea. Nilikuwa nakishika tangu utotoni bila kujua kina jina hadi Ulaya. "Vug" ni tundu ndani ya mwamba lenye mawe ya kumetameta, na wachimba dhahabu wa kwetu wanaliota kila siku. "Ort" ni makombo ya chakula. Siku Bwana Daktari wa Mifugo alipoweka "crwth", nilidhani vipande vimemwagika tu, maana hamna hata a wala u. Akasema ni chombo cha nyuzi cha wazee wa kule. Sikuelewa. Akaimba, akatikisa mabega, akapiga tumbo lake kama litungu, kinanda chetu cha nyuzi, mpaka mpishi akatoka jikoni kucheza. Nikafungua kamusi, limo! Alipata pointi zake huku anatweta.

Pale pale Bunda alikuwepo Bwana Mhasibu, mrefu, shingo ya korongo. Ndiye bingwa, na ndiye asiyeweza kukataliwa. Nilimkataliaga neno mara moja, akanuna msimu mzima wa pamba. Salamu alinipa kupitia kwa mpishi: "Mwambie mwamuzi habari za asubuhi." Na mimi nimesimama hapo hapo.

Kiwanda kilipopunguza watu nikaenda Musoma, pale Mukendo, klabu ya kampuni ya samaki. Bwana Ofisa Utumishi wa pale alipenda maneno mafupi. "Ai" ni mnyama anayening'inia mtini akilala. "Kama nani?" nikauliza. Akanong'ona, "Kama bosi wangu." Nikaelewa upesi kabisa.

Mwisho nikaletwa Butiama, kituo cha walimu, chini ya Mwalimu Mkuu. Na nani nikamkuta amestaafu, amejenga, anakuja kila Alhamisi? Bwana Mhasibu. Safari hii na kijana wake wa kiume, na huyo kijana macho yake hayakuwa kwenye ubao. Yalikuwa kwa binti yangu Nyangeta.

Sasa sikilizeni. Kwetu, mkishaozeana, mkwe hapingwi mbele za watu. Ukimwona amevaa shati ndani nje, unamsifia fundi. Mwamuzi kazi yake ni kupinga. Kwa hiyo nilijua siku nitakayopata mkwe nitapoteza meza, na meza hiyo niliipenda kuliko ugali wa moto.

Vijana wakapendana, na wazee wa mahari walikuwa waje Jumamosi. Alhamisi hiyo Nyangeta akanishika mkono mlangoni. "Baba, leo akiweka neno, mkubalie tu. Akinuna huyu mzee, ng'ombe hawatoki zizini."

"Na kama si neno?"

"Baba! Mimi nampenda yule."

Nikaenda. Mchezo ukabana, na Bwana Mhasibu akashusha "jeft" kwa madaha.

"Pingamizi," akasema Mwalimu Mkuu.

"Maana yake, bwana?" nikauliza.

"Kamba ya kumfungia ndama asinyonye wakati mama yake anakamuliwa," akajibu bila kupepesa. Nikaipenda maana hiyo. Kamba hiyo ipo, nimeisokota mwenyewe. Ilistahili jina.

Nikafungua kamusi. Nikapita palipotakiwa kuwa, nikarudi, nikapita tena. Wote wananitazama, shingo ya korongo imenyooka. Hakuna mwingine anayeona ukurasa ila mimi. Nikamwona Nyangeta akilini, nikaiona na ile kamba ya ndama. Uongo mdogo tu. Lakini huu mdomo umesema kweli mezani tangu Bunda, haukujua kupinda.

Nikaigeuza kamusi, nikaisukuma mbele yake.

"Mkwe," nikasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "mkwe hapingi mkwe. Soma mwenyewe."

Nikaweka mfuko wa herufi juu ya ubao, nikachukua kofia yangu msumarini. Nilipofika mlangoni nikasikia anakohoa nyuma yangu.

"Limekosekana," akasema. "Mwalimu, nazoa vipande vyangu." Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akapaza sauti: "Mkwe! Jumamosi tunakuja!"

Nikainua kofia bila kugeuka, nikashika njia ya nyumbani. Meza ile sijaisogelea tena.