Mwandishi Huyu Aliokoka Lini?

Bado nina hasira na yule mwalimu. Alinifundisha fasihi kule Kitui, na nilipomaliza kidato cha sita alinipa vitabu viwili vya kwenda navyo nyumbani Kasikeu: riwaya nene kama tofali, na kitabu chembamba cha maisha ya aliyeiandika.

"Anza na hiki chembamba," alisema. "Huingii boma la mtu kabla hujamjua mwenyewe."

Nikamtii. Siku hizo neno lake lilikuwa sheria kwangu. Leo nikiketi na waandishi wenzangu nawasikia wakiulizana kuhusu mtungaji mpya: ni mtoto wa nani, ameolewa, anasali wapi? Kitabu chenyewe kiko mezani, hakuna aliyekifunua. Hapo moto wa zamani hunipanda tena kifuani.

Mama ndiye aliyetaka kusikia. Tulikuwa tukichambua mbaazi nje ya jiko, mimi nimeegemeza kile kitabu chembamba kwenye debe, nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kumwambia kwa Kikamba. Theluji ilinishinda. Nikamwambia ni mvua ya mawe isiyoumiza. Akacheka, akasema nchi hiyo ina bahati. Alimpenda mwandishi akiwa bado mtoto wa fundi viatu, akienda shule miguu mitupu. "Baba anashona viatu vya watu, wake hana," alisema. "Endelea."

Sikujua alikuwa akisikiliza kwa sikio gani. Kanisani kwetu hakuna aliyesimama mbele ya watu, hata kuimba ubeti mmoja, kabla ya kutoa ushuhuda: alikotoka, alivyoanguka, siku aliyookoka. Mama alikuwa amekulia humo. Kwa hiyo mwandishi alipoanza kulewa, Mama aliitikia kwa kichwa. Alipopigana baani, akaitikia tena. Dhambi hazikumtisha, alijua zinakuja mwanzoni. Alikuwa akingoja ile siku.

Tukafika mahali ambapo mtu huyo alimwacha mkewe na watoto, akahamia kwa mwanamke mwingine katika mji wa reli. Mikono ya Mama ikatulia ndani ya ungo.

"Alirudi lini?"

"Hakurudi."

"Aliokoka lini basi?"

"Mama, hapa hakuna kuokoka. Anakufa sura inayofuata."

Akanyanyuka na ungo wake, akaingia jikoni. Wakati huo baba yangu aliishi Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, alikokuwa na duka la kuziba magurudumu, na nyuma ya duka nyumba nyingine, na watoto wengine. Jina la Kambu halikutajwa kwetu.

Alhamisi nilitoka kuteka maji nikakuta riwaya haipo kitandani. Nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja. Nilijua ilikokwenda, nikamfuata Mama. Akina mama wa ushirika walikuwa wamekaa kanisani kwenye mabenchi, riwaya imelala mapajani mwa mwenyekiti wao.

"Bwana asifiwe, mwanetu," alisema. "Tunamwombea rafiki yako."

"Alishakufa, mama."

"Ndiyo maana kazi ni ngumu."

Wakacheka, wote isipokuwa Mama.

"Kitabu kinene hivi," mwingine akasema, "na hajatubu hata mahali padogo?"

"Mmekifungua?"

"Tufungue nini? Mti tumeshaujua."

"Imeandikwa mti hujulikana kwa matunda yake," nikasema. "Nyinyi matunda hamjayagusa."

"Usinihubirie mbele ya wenzangu," Mama alisema.

"Mama, huyu si Baba."

Mwenyekiti alitazama sakafu, na akina mama waliojua habari za Kambu, yaani wote, walishughulika na leso zao. Mama alikuja akaichukua riwaya kutoka mapajani mwa mwenzake, akaniwekea mikononi.

"Chukua. Usome," alisema, bila kupaza sauti. "Ukimaliza uniambie yule mke aliyeachwa yuko ukurasa wa ngapi."

Nikaisoma. Nilikuwa nimeingojea riwaya ile kama shamba linavyongoja mvua ya Novemba, na ilipofika nikaipokea kwa ngumi. Kulikuwa na mto humo, na daraja lililojengwa kwa miaka, na mzee aliyelia juu ya daraja hilo. Watu husema ni kurasa nzuri kuliko zote alizoandika. Mimi nilizipita kama askari anayepekua nyumba. Kila mwanamke aliyefungua mlango nilimkazia macho: ni wewe? Kila mume aliyesema neno tamu nilimwita mwongo. Nilimchukia mwandishi, na nilimchukia Baba kwa kujipenyeza mle ndani, mahali pekee ambapo nilidhani hangenifuata.

"Umemwona?" Mama aliniuliza nilipoifunga.

"Hayumo."

Hakufurahi kwamba ameshinda. Alifunga leso yake vizuri kichwani, akaenda kufungulia mbuzi.

Nilirudisha vitabu Kitui wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa ofisini anakunywa chai, akanikaribisha kiti, uso umejaa hamu.

"Haya, niambie. Umeionaje?"

"Sijaisoma, mwalimu," nikamwambia. "Nimefika mwisho wake, lakini sijaisoma. Ni wewe uliyenizuia."