Rangi za Kalamu za Daktari Feldkamp

Marlys Hietala alifundisha kemia miaka mingi katika mji wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, na alipostaafu kila mtu alitarajia atulie kwenye nyumba yake ya ziwani avue samaki. Alijaribu. Kisha kaka yake akaanza kuhamia huko kila Julai na ukoo mzima, na Marlys akaona ni afadhali kulala bweni moja na vijana wenye akili kupita kiasi. Tangu hapo, kila kiangazi, chuo kimoja cha huko kikishafungwa na mabweni yake kubaki matupu, yeye ndiye mlezi wa bweni katika kambi ya hisabati ya wanafunzi wa sekondari wanaochaguliwa kutoka jimbo zima.

Kambi ilikuwa na sheria moja ya kutesa: hakuna maksi. Waasisi waliamini kwamba kijana asiyepewa maksi ataipenda elimu kwa ajili ya elimu yenyewe. Waasisi hawakuwahi kulala bwenini. Vijana wale walikuwa wamelelewa kwa maksi. Waliponyimwa, walizitafuta popote. Mwaka huu walizipata katika kalamu za Daktari Feldkamp, mhadhiri wa hisabati aliyesahihisha kazi zao. Wiki haijaisha, bweni zima likawa limekubaliana kwamba bluu ni ya wateule, nyekundu ni ya watu wa kawaida, na kijani ni ya wale wa kuhurumiwa.

Soren Aldahl, ambaye hakuwahi kuwa wa pili darasani tangu chekechea, alipata kijani mfululizo. Jumatano Marlys alimkuta anafunga sanduku.

"Mama anakuja kunichukua Ijumaa."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimegundua tu kwamba mimi si kitu, Bi Hietala."

"Umegunduaje?"

Akamwonyesha grafu ya rangi alizopata kila mwanafunzi. Ilikuwa grafu safi, yenye kila kitu isipokuwa ukweli. Marlys angeweza kumwambia kwamba Feldkamp huchukua kalamu yoyote iliyo karibu na kikombe chake cha kahawa, maana alishamuuliza mwenyewe. Lakini alikuwa amefundisha vya kutosha kujua kwamba kijana wa aina hii akifarijiwa hudhani anadanganywa.

"Kazi nzuri," akasema. "Umeijaribu?"

"Niijaribu nini tena? Data si hiyo hapo?"

"Hapo umetazama tu, hujajaribu. Darasani kwangu ningekurudishia uifanye upya."

Priyank, aliyelala chumba kimoja na Soren, ambaye hakujua rangi nyingine ila bluu, alichungulia kutoka kitanda cha juu. "Mwache aende, Bi Hietala. Kijani kinaambukiza."

"Nyamaza wewe, mfalme wa bluu," Soren akamjibu. Kisha akasimama na soksi mkononi, akawaza. "Nikiandika jina lako kwenye kazi yangu, na wewe uandike langu kwenye yako..."

"Mimi sijasikia kitu," alisema Marlys. "Ila kazi zinarudi Ijumaa asubuhi. Mwambie mama aje mchana."

Akaenda zake, akalala usingizi mzito. Kuhusu Soren hakuwa na shaka: kijana yule asingeondoka kabla ya kupata jibu.

Ijumaa asubuhi kazi zilirudi, zote zimesahihishwa kwa penseli. Kalamu za Feldkamp zilikuwa zimepotelea asikokujua hata yeye mwenyewe. Bweni likawaka kwa mabishano. Wengine walidai penseli ni kupandishwa cheo, wengine kwamba wote wamefukuzwa kwa adabu. Mama Aldahl alipowasili kutoka Moorhead, mwanawe alishuka ngazi akiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, bila sanduku.

"Mizigo yako iko wapi?"

"Siwezi kuondoka sasa, Mama. Penseli imeharibu jaribio zima. Itabidi turudie, na safari hii darasa lote libadilishane majina."

"Si ulinipigia simu unalia?"

"Nililia, ndiyo. Lakini sasa nina kazi."

Mama akamgeukia Marlys. "Hizo rangi alizokuwa akililia zina maana yoyote?"

"Hazina," Marlys alisema kwa sauti ya chini. "Naomba usimwambie. Yuko karibu kugundua."

Mama akafikiri kidogo, akaomba kahawa. Alasiri alirudi Moorhead na mfuko wa nguo chafu za mwanawe, ambazo, kwa maoni ya Priyank, ndizo pekee zilizostahili kurudishwa nyumbani.