Sentahafu wa Feri ya Garsen

Wazee wenzangu wakikaa mkahawani hapa Garsen kubishana kuhusu timu yetu ya zamani, hunitaja mimi, Iha, sentafowadi, magoli kumi na saba msimu mmoja. Huwa nanyanyuka nikaondoka. Wanadhani najivuna, kumbe nimechoka na upuuzi wao. Aliyekuwa na maana katika timu ile ni sentahafu, Dhadho Tuneya, Mpokomo mfupi mwenye matege, na hakuna anayemtaja.

Mwaka 1954 sote wawili tulifanya kazi kwenye feri. Ilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, limefungwa mnyororo lisichukuliwe na mkondo, nasi wanaume sita tuliivusha mto Tana kwa kuvuta kamba iliyotoka ukingo huu hadi ule. Mimi nilikuwa wa mbele. Dhadho alisimama nyuma, mti mrefu wa upondo mkononi, akitazama magogo yanayoletwa na maji. Gogo likiwa la kupita, alinyamaza nasi tukaendelea kuvuta. Likiwa linatujia, alipiga kelele, "Achia!" na kila mtu akaachia papo hapo bila kuuliza. Feri ilirudi nyuma kidogo, gogo likapita.

Mpira tulicheza vivyo hivyo. Dhadho aliukokota moja kwa moja hadi kwa beki wa mwisho. Beki akibaki na mimi, yeye alipita akafunga. Beki akimwendea, alingoja, akangoja tena, ndipo akanipa. Mimi nilibaki na goli tupu. Yeye alibaki na buti la beki kwenye muundi wa mguu, maana sisi tulicheza pekupeku. Miundi yake ilijaa makovu, na kila kovu lilikuwa goli langu. Sikuwahi kumwambia hata pole.

Mwaka ule chuo kimoja cha ualimu kilikuja kucheza nasi. Tulimsubiri kwanza mfugaji mmoja, Boru, awaondoe ng'ombe wake uwanjani, kisha tukawafunga wageni matatu, yote yangu. Mwalimu wao wa michezo alikuwa na nafasi moja chuoni ya kumpa kijana aliyemaliza darasa la nane. Mimi na Dhadho tulikuwa tumemaliza pamoja. Jioni ile mwalimu alinivuta kando.

"Katika timu yenu, nani ana maana zaidi?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelijua miaka mitatu.

"Sentafowadi," nikasema.

Baada ya mwezi niliondoka na sanduku langu la bati, na Dhadho ndiye aliyenivusha. Aliniambia nisisahau kuandika barua. Niliandika mbili tu.

Chuoni magoli yalikatika. Kila mpira ulinifikia beki akiwa tayari mgongoni kwangu. Mwaka wa pili yule mwalimu alinicheka. "Iha, nitakuambia kweli. Mimi nilimtaka mwenzako. Nilimuuliza kabla yako nani ana maana, akasema sentafowadi, akakuonyesha kwa kidole. Akaniambia mama yako ni mjane na hana mwingine. Nawe ulipojibu vilevile, nikaona basi, mmekubaliana."

Nililala kifudifudi bwenini nikalia. Nilikuwa nimemwibia mtu kitu ambacho alikwisha kunipa.

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani na neno moja tu la kumwambia. Masika yalikuwa yamekolea, mto umejaa na rangi yake ya kahawia. Feri ilipogusa ukingo, Dhadho alinipungia upondo.

"Karibu, mwalimu!"

"Usiniite hivyo, ndugu yangu."

Nilivua viatu nikamwomba mvutaji wa mbele anipishe mahali pangu pa zamani. Alicheka akasogea. Nilitaka kufanya kazi kidogo mbele ya Dhadho, nisivushwe kama bwana mkubwa. Tulipofika katikati, nilimgeukia.

"Dhadho, nafasi ile ilikuwa yako. Mwalimu amenieleza yote. Nami niliulizwa, nikajitaja mwenyewe."

"Najua. Nilikuwa nyuma yenu nikifunga mizigo, nikasikia." Alitabasamu. "Ulijibu vizuri. Ungenitaja mimi, ningegombana nawe."

Nilishikilia kamba tu, machozi yananitoka. Ndipo akapaza sauti, "Achia!"

Wengine wote wakaachia. Mimi sikuachia. Miaka miwili ya kalamu na chaki, na moyo uliojaa, mikono yangu haikumsikia. Mtu mmoja akishika, feri hupinda ikakaa ubavu mbele ya mkondo, na gogo lilikuwa linakuja, mkuyu mzima na mizizi yake. Dhadho angeweza kukimbilia katikati. Alibaki pembeni, upondo mbele, akalingoja, akangoja tena, kama alivyokuwa akimngoja beki. Alilisukuma likatukosa sisi. Mizizi yake haikumkosa yeye.

Tulimpata siku ya tatu kwenye matete, mbali chini ya Garsen. Maji yalikuwa yamemharibu uso, na mama yake alikataa kabisa. Alisema huyu si mwanawe, mwanawe atarudi, tumtafute. Nilipiga magoti kwenye tope, nikapandisha suruali ya Dhadho hadi magotini, nikamwonyesha mama yake makovu.