Siku Mswidi wa Baba Alipopigwa Gatina

Kuna mlio ambao nausikia hata nikiwa jikoni na sufuria inatokota: mpira wa tenisi ukigonga raketi. Wanangu wakiwasha televisheni hapa mtaani Satellite na kuanza kubishana ni nani bingwa wa mabingwa, mimi hucheka peke yangu. Wanadhani ubishi huo wameuanzisha wao. Msomaji wangu, ubishi huo ulikuwa na benchi lake kule mtaani Gatina, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka kumi.

Benchi lilikuwa la baba. Alikuwa seremala aliyetoka upande wa Bungoma, mtu wa maneno machache, na mikono yake ilinuka vanishi hata kanisani. Mwenzake alikuwa jirani yetu Ouma, aliyefanya kazi katika klabu moja ya matajiri. Kazi yake ilikuwa kuvuta rola juu ya uwanja wa tenisi na kuchora mistari ya chokaa. Jumapili baada ya kanisa alituletea gazeti lililoachwa na wanachama, mara nyingi la wiki iliyopita. Kwa kuwa wote wawili hawakujua kusoma Kiingereza, nilisoma mimi, kisha nikawaeleza kwa Kiswahili.

Baba hakuwa amewahi kuona mechi hata moja. Hilo halikumzuia kuwa mtaalamu. Yeye alikuwa shabiki wa yule Mswidi mwenye nywele ndefu na kitambaa kichwani, aliyecheza bila kununa wala kucheka. Ouma alikuwa wa kijana Mmarekani aliyewafokea marefa.

"Huyo wako ni kelele tupu," baba alisema. "Debe tupu."

"Wacha maneno, Baba Nekesa. Huyo anapiga na kushoto. Wewe ushaona mtu wa kushoto akipewa kitu bure? Lazima apige kelele!"

Ouma aliyajua aliyoyasema. Yeye mwenyewe alikuwa mashoto, na vidole vyake bado vilikuwa na makovu ya rula za mwalimu wake wa zamani. Nami pia nilikuwa mashoto. Shuleni nilichapwa kwa sababu hiyo, na nyumbani mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha leso kila nilipokaa kuandika. Hakuwa mkatili, maskini. Aliogopa tu kwamba siku moja nitawapa wakwe chai kwa mkono huo na aibu imrudie yeye. Kwa mkono wa kulia herufi zangu zilitawanyika kama siafu, na mwalimu alishanitangaza mbele ya darasa kuwa mjinga. Nilianza kumwamini.

Jumapili moja, wiki ambayo Mswidi na Mmarekani walikuwa wakutane fainali kule Uingereza, Ouma aliniona nikiandika huku nimefungwa. Alikasirika kweli.

"Baba Nekesa, tuwekeane ahadi. Mmarekani akishinda, huyu mtoto mnamfungua. Mswidi akishinda, sitawahi kusema kitu tena juu ya mtoto wako."

Baba alimtazama mama, akatazama majirani waliokuwa wakisikiliza. "Sawa," akasema. "Lakini wangu hashindwi."

Wiki hiyo niliomba kuliko nilivyowahi kuomba. Niliomba mtu wa baba ashindwe, kisha nikaomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Jumapili iliyofuata Ouma alikuja na gazeti amelikunja kwapani, bila majivuno yake ya kawaida. Alilitoa polepole, akaketi kando ya baba. Nilisimama mbele yao. Michezo ilianzia ukurasa wa mwisho, na sentensi ya kwanza tu ilinimaliza: Mswidi alikuwa ameshinda kwa seti tano. Habari iliendelea ndani, kwa hiyo nilifungua gazeti, nikaliinua mpaka likanifunika uso, nikajificha nyuma yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kile kipande cha leso begani.

"Nani ameshinda?" baba akauliza.

"Mmarekani," nikasema.

Ouma akakohoa.

"Soma tena, Nekesa," baba akasema.

Nikajifanya kusoma tena. "Mmarekani. Seti tano."

Baba akapumua. "Haya basi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mama Nekesa, hicho kitambaa futia meza."

Jumatatu hakwenda karakana mapema. Alivaa koti la kanisa, akanishika mkono, huo huo wa kushoto, tukaenda shuleni. Alimwambia mwalimu, "Huyu ataandika na mkono wake. Ukitaka kuchapa mtu, nichape mimi." Muhula ule nikawa wa nne darasani. Nilifurahi mno, na kwa miaka mingi nilijiona mjanja niliyewahadaa wazee wawili.

Mwaka jana nilikuwa nasoma gazeti, mjukuu wangu ambaye hajui hata a e i o u ameketi mbele yangu.

"Kukhu," akaniuliza, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwetu Bungoma, "huyo mtu amebeba kikombe ni nani?"

Nikageuza gazeti. Kwenye ukurasa wa mwisho, ulioelekea kwake, kulikuwa na picha. Ndipo nilipoikumbuka ile nyingine: Mswidi na kitambaa chake kichwani, ameinua kombe mikononi. Nilipoificha sura yangu nyuma ya gazeti, picha ile ilikuwa hatua mbili kutoka kwa macho ya baba na Ouma. Hawakujua Kiingereza, lakini hawakuwa vipofu. Walimwona bingwa, wakamsikia mtoto akidanganya, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nililia pale mezani, na ilikuwa furaha zaidi kuliko huzuni. Baba na Ouma walikuwa wameshazikwa, kwa hiyo sikuwa na wa kumshukuru. Karakana nzima ilimcheka baba miaka mingi kwa kutojua matokeo ya mchezaji wake mwenyewe. Na hadi anakufa, aliyemuuliza habari ya fainali ile alijibiwa vilevile: Mswidi wangu alipigwa, mtoto wangu aliisoma kwenye gazeti.