Barua ya Mpwa Wangu Niliyoijaza Sifa Zangu

Nilikosa mimi, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu. Jina langu lifungieni huko huko kwenu, maana hapa Migwani hata punda wananijua. Lakini hili jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana na leo nalitapika.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliachia darasa la sita. Nilianza na punda mmoja na mitungi minne, nikiuza maji nyumba kwa nyumba. Leo nina visima viwili vya mashine, nina maboza matatu, yale malori ya tangi la maji, na kanisani viti vyote vya mbele ni mimi nilinunua. Sikusaidiwa na mtu! Hivyo ndivyo nilikuwa nasema kila mahali, hata kwa mazishi ya watu.

Sasa sikieni vile huo mdomo ulifanya.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu mkubwa aliyeolewa Mbooni. Tumwite Mumbua, ingawa silo jina lake. Alimaliza digrii ya afya ya umma, akatembeza karatasi zake kila ofisi, kazi hakuna. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, mshikilie tu mahali." Nikamweka kisimani auze maji.

Hiyo digrii nilikuwa naicheka mbele ya wateja. "Miaka minne unasomea vyoo?" Naye ananirudishia hapo hapo: "Anko, siku choo chako kitajaa utanitafuta."

Basi mwaka huo mvua ikakosa, foleni ya maji ikawa ndefu, na watoto wa pale sokoni wakaanza kuhara. Watu wakasema ni maji yangu. Niliwaka! Nilitaka kushtaki mtu! Mumbua hakuwaka. Alinunua daftari, akawa anaandika kila anayekuja: anatoka boma gani, mtungi wake ni wa namna gani, nani nyumbani anaumwa tumbo. Baada ya wiki mbili akaniletea.

"Anko, maji yako ni safi. Mitungi ndiyo michafu. Ile ya zamani ina utelezi ndani. Tuioshe na dawa kabla ya kujaza."

"Yote? Na hii foleni? Unanifukuzia wateja!"

"Nipe wiki moja tu. Wakikimbia, mimi nirudi Mbooni."

Hawakukimbia. Waliongezeka. Wamama walikuwa wanatoka mbali wakisema, "Tunataka yale maji ya mitungi iliyooshwa." Watoto wakapoa matumbo. Na kabla mwezi haujaisha, mimi huyu nilisimama kanisani nikasema Bwana amenipa wazo la kuosha mitungi. Makofi! Mumbua alikuwa kwenye kwaya. Aliangalia viatu vyake.

Hapo ndipo nilipaswa kujiona. Wapi!

Mwaka jana akaja ofisini kwangu na kompyuta. Alitaka kuomba nafasi ya digrii ya pili, hiyo hiyo ya afya ya umma, na alikuwa amechagua masomo matatu anionyeshe.

"Hii ni ya jioni, ya watu walio na kazi Nairobi. Hii ni ya ng'ambo, chuo kina jina, lakini ni mambo ya bima na kusimamia hospitali. Hii ya tatu ni ya maji na magonjwa. Wana ufadhili, na mwaka wa pili wanakurudisha kwenu ufanye utafiti."

"Chukua ya ng'ambo," nikasema. "Hiyo naweza kuitangaza."

"Anko, sitafuti ya kutangazwa. Natafuta ile itanifundisha ni nini kilikuwa ndani ya ile mitungi."

Akachagua ya tatu. Kuna karatasi walitaka aandike, aeleze amefanya nini na kwa nini anataka kusoma. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, nafikiri mara sita. Aliniambia, "Hapa hawataki maneno makubwa. Wanataka kujua kitu umefanya wewe mwenyewe." Akaandika juu ya mitungi na daftari lake. Alinisomea yote kwa Kiswahili. Kwa hivyo msiniambie sikujua. Nilijua!

Walitaka pia barua mbili za watu wanaomjua. Ya kwanza ingeandikwa na mwalimu wake wa chuo, mtu aliyemshika mkono tangu mwaka wa kwanza. Ya pili mkubwa wake wa kazi, yaani mimi. Barua inaenda moja kwa moja chuoni, anayeomba haioni.

"Andika tu vile uliona, Anko," akaniambia. "Wewe ulikuwa hapo."

Nikaenda saiba. Yule mama wa saiba, anayewaandikia watu barua kwa kompyuta, ananijua tangu siku za punda. Mimi nilisema kwa Kiswahili, yeye akageuza Kizungu. Nikaanza na punda. Nikaingia kwa visima. Nikaeleza maboza, nikaeleza viti vya kanisa. Yule mama akaacha kupiga mashine.

"Mzee, hii barua ni ya msichana ama ni yako?"

"Wanataka kujua anayemshuhudia ni nani. Andika!"

Tukafika kwa mitungi. Jamani, sijui nini kilinishika. Nilijiona mbele ya wale wasomi wakubwa, mimi wa darasa la sita, wakisoma jina langu. Nikasema: wazo la kuosha mitungi lilikuwa langu, daftari nililianzisha mimi, na Mumbua alikuwa anaandika tu vile ninamwambia. Ni mtiifu. Mchukueni.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Weka na cheo changu cha kanisa."

Barua ikaenda. Kurasa mbili.

Baada ya muda wakamwita kwa intavyu ya kompyuta. Aliifanyia ofisini kwangu kwa sababu mtandao uko. Mimi nilivuta kiti nikakaa nje, chini ya dirisha. Mnajua kwa nini? Nilitaka kusikia nikitajwa! Na kweli nikatajwa. Sauti za ndani zikabadilika. Mumbua akawa anajibu pole pole, kitu kimoja, tena na tena.

Alitoka jasho limemshika hapa kwenye midomo.

"Anko, wameniuliza mara tatu nani alianzisha kazi ya mitungi. Nikasema ni mimi. Wanasema kuna barua inasema vingine, hawanionyeshi. Aliyeandika anaweza kurekebisha hadi Ijumaa."

Nikashika kile kiti nikaanza kukirudisha ndani.

"Ni mwalimu," akasema. "Lazima ni yeye. Wewe ulikuwa hapo, wewe huwezi kuandika hivyo."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku nne. Simu moja tu, sentensi moja: nilijisifu, kazi ni ya msichana. Na badala ya hiyo sentensi mdomo wangu ulisema nini? Ulisema, "Hawa wasomi wana wivu sana."

Woi! Nilimsukumia kosa langu mtu ambaye hata sijawahi kula naye.

Mumbua akamwandikia mwalimu wake ujumbe wa hasira. Mwalimu akapiga simu, Mumbua hakushika. Akapiga tena, hakushika. Ijumaa ikafika, mimi niko kwa boza naangalia saa. Ikapita. Wiki iliyofuata wakamjibu kwamba hawatamchukua, kwa sababu hawakuridhika na ukweli wa maombi yake.

Ukweli! Mtoto ambaye hata mtungi wa mtu ukizidi nusu lita anamwambia.

Dada yangu alishuka kutoka Mbooni na kiondo kimejaa ovakado. "Hata kama hawakumchukua, asante kwa barua, mdogo wangu. Si kila mtu angekubali kumwandikia." Zile ovakado ziliiva zikaozea jikoni. Mke wangu akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo.

Mwaka huu fomu zikafunguliwa tena. Mumbua alikuwa kwenye mfereji anajaza. Aliongea bila kuniangalia.

"Mwalimu siwezi kumrudia. Watu wangu wote umebaki wewe. Niandikie tena, Anko."

Nikaenda saiba. Yule mama akakunja mikono. "Leo tunaandika ya nani?"

Nikamwomba anitolee ile ya zamani na anisomee kwa Kiswahili. Alisoma pole pole, sijui kama ni kwa kusudi. Punda wangu yuko. Maboza yako. Hata viti viko.

"Jina lake liko mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema. "Na moja ulinitajia vibaya, ukakataa nirekebishe."

Nikazichukua zile kurasa nikampelekea Mumbua kisimani. Alizisoma akiwa amesimama. Mtungi ulijaa ukamwagika miguuni kwake, yeye ambaye tone halipotei mbele yake. Ni mimi nilifunga mfereji.

"Kwa hivyo mwalimu hakuandika."

"Hakuandika."

"Na ukaniambia ana wivu."

"Nilisema."

"Ulikuwa na siku nne, Anko."

Heri angenitukana. Nikamwambia nitaandika nyingine, safari hii ukweli mtupu, hata magoti nitapiga.

"Usiandike. Hata mstari mmoja usiandike."

Akaingia ndani, akachukua daftari lake, akaenda Mbooni jioni hiyo hiyo.

Dada ameniambia machache, maana siku hizi ananisalimia tu. Mumbua alienda kwa mwalimu kuomba msamaha na mwalimu amekubali kumwandikia. Barua ya pili ameiandika mwenyekiti wa kikundi cha wamama wanaoteka maji kwangu. Mama huyo nimewahi kumfukuza kwenye foleni kwa kelele, na yeye ndiye alimsimamia. Majibu bado. Mwaka mmoja wa mtoto nimeula mimi, na hata akichukuliwa haurudi.

Wewe unayesoma, kama mtu mdogo amekuja kwako akakuambia niandikie, na una pesa na una jina, tafadhali jiangalie! Siku hiyo wewe si mtu. Siku hiyo wewe ni macho tu. Sema uliona nini, taja jina lake sawasawa, unyamaze. Na kama umeshaharibu na bado kuna siku nne, piga simu leo. Aibu ya simu ni ya dakika tano. Hii yangu siijui mwisho wake.

Siku hizi mitungi naosha mimi. Mikono imechubuka kwa dawa. Juzi mama mmoja mgeni, ametoka pande za Kanyangi, alisimama akaniangalia nikisugua. "Mzee, hii ni akili sana. Ni wewe uliifikiria?"

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Wananijua.

"Ni mpwa wangu," nikasema, nikamtaja jina lake lote.

"Basi mwite nimsalimie."

Nikainama nikachukua mtungi mwingine.