Mfungwa aliyeniamsha

Leo Jumanne, mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke kwetu Kalemie, nimelala kazini, mfungwa ndiye amenilinda.

Mkubwa wangu akisoma hapa, anisamehe.

Mimi ni askari wa gereza hapa Baraka. Asubuhi nilimpeleka mfungwa mmoja ziwani kuosha masufuria. Nilikuwa sijalala siku mbili, maana mwenzangu anaumwa na zamu yake naifanya mimi. Nikakaa juu ya jiwe. Basi, usingizi ukanibeba.

Mjue, kazini kwetu mfungwa akitoroka, wewe uliyemtoa unaingia ndani mahali pake.

Nikasikia mfungwa wangu ananitikisa mguu, akiniita "chef", yaani bosi, kama wanavyotuita sisi askari.

"Chef, amuka! Bamama banakucheka."

Kweli, wanawake waliokuja kufua walikuwa wananicheka. Masufuria yote yalikuwa safi.

Nikamuuliza, "Juu ya nini haukukimbia?"

"Nikimbie niende wapi? Mi nabakisha wiki tatu, narudia kwetu Lulimba. We, chef, utarudia kwenu lini?"

Yeye ana tarehe, mimi sina. Likizo sijawahi hata kuomba, kwa kuogopa kukataliwa.

Tuliporudi, nilimwomba aniandikie barua ya likizo, maana barua za kazi ni za Kifaransa, na chake ni kizuri kuliko changu. Nikatia sahihi, nikaipeleka.

Mkubwa amesoma, akasema, "Hii imeandikwa vizuri." Nikamshukuru tu. Akakubali.

Nyinyi mngekuwa mimi, mngesema nani aliiandika?

Mama Neema, mke wangu, nitafika nyumbani wiki moja kabla ya Noeli.