Kiti cha Hewa cha Shangazi

Shangazi yangu ana sheria moja ambayo kila aliyejifunza ushonaji kwake aliikariri kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi: cherehani haikanyagwi tupu. Ikikanyagwa bila kitambaa, uzi hujisokota chini na sindano hukatika. "Mashine ikiamka, ipewe kazi," husema. Naanza na sheria hiyo kwa sababu ndiyo iliyomponza mume wake siku ya ngazi.

Kwa miaka mingi Shangazi alishonea katika chumba cha juu kabisa cha jengo wanaloishi. Wao wenyewe hukaa chini, mlango wa kwanza ukiingia, yeye na mume wake, fundi saa mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee. Chumba kile cha juu hakina sifa yoyote ila dirisha. Ni pana, na mwanga wake hauna haraka. Hapo nyeusi na bluu iliyokoza huachana bila ugomvi. Shangazi hukiri kwamba nusu ya ufundi wake ni wa dirisha lile.

Kisha alianguka. Alikuwa kwa mteja, juu ya stuli, akipima pazia. Stuli ikaenda njia yake, naye ya kwake. Goti likapasuliwa. Dada wa mazoezi kutoka hospitali akawa anakuja nyumbani kumfundisha kuinuka kitini bila kushika kitu, kunyanyua mguu uliofungwa uzito, na kile walichokiita kiti cha hewa: unaegemea mlango kwa mgongo, unashuka taratibu mpaka mapaja yanalala kama umekaa, ila kiti hakipo. Shangazi aliendelea vizuri hata akaanza kujisifu mbele ya wageni. Halafu dada akahamishwa, mvua zikaanza, na Mzee, kwa mapenzi tu, akafunga mota kwenye cherehani ya sebuleni ili mke wake asichoke. Mazoezi yakawa ya kesho. Kesho hiyo ilipita mwaka mzima na zaidi, na miguu ikakonda mpaka soksi zikawa zinashuka zenyewe.

Nilikuwa kwao likizo siku binti yao alipoleta habari. Tunamwita Nesi ingawa ni karani wa ghala, kwa jinsi anavyopenda kuwatibu watu ambao hawajaomba.

"Mama, mwenye nyumba amepata mtu anayekitaka chumba cha juu. Nimemwambia tutampa jibu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Vitu vyako tutavishusha, utashonea pale ukumbini karibu na tangi la maji."

"Pale hakuna dirisha."

"Nitakuwekea taa."

"Taa inaona nini? Kwenye taa nyeusi na bluu ni mapacha."

"Mama, ngazi zile huwezi. Tukubali tu."

Alilisema kwa upole, na nadhani upole ndio uliouma. Mtu anaweza kuvumilia mvi na hata mkongojo. Kigumu ni kusikia wenzako wakipanga vitu vyako ukiwa umekaa hapo hapo, kana kwamba umeshaondoka. Shangazi aliangalia dari kwa muda, kama anayekitafuta chumba chake kwa kupenya zege.

"Koleo likivunjika si mwisho wa uhunzi," akasema. "Jumamosi hiyo nitapanda mpaka juu bila kushikwa na mtu. Nikishindwa, nishusheni na mashine zangu, mkiniweka ndani ya tangi ni sawa. Nikifika, chumba changu hakiguswi."

"Na kama utaanguka?"

"Nitaanguka kuelekea juu."

Mzee akacheka. Nesi hakucheka, lakini aliupokea mkono aliopewa, na mkataba ukawa umefungwa.

Kesho yake Shangazi alianza pale pale alipoachia. Hilo lilikuwa kosa. Alijaza vifungo vikuukuu kwenye soksi mbili za Mzee, akazifunga miguuni kwa mpira wa kiunoni kama zamani, akanyanyua kwa fujo, kisha akachuchumaa mbele yetu kuonyesha kwamba fundi ni yule yule. Kuchuchumaa aliweza. Kuinuka ndiko kulikoleta mjadala. Tulimnyanyua watu watatu, na kwa siku kadhaa kila alipokwenda msalani tulisikia dua.

Tukampigia simu yule dada wa mazoezi, akacheka mpaka akaomba radhi. "Mama, miguu haikumbuki sifa za mwaka juzi. Anza kidogo kama mgeni. Kiti kirefu kwanza, halafu kifupi. Na usiruke."

Shangazi akatulia. Siku chache zilizofuata, kila jioni Nesi akipika, sebuleni kulisikika vifungo: chaka, chaka, chaka. Nesi alikuwa akitabasamu kwenye sufuria. "Unamsikia Mama? Amejitoa kweli safari hii."

Nikaenda sebuleni kumpelekea maji. Shangazi alikuwa amejiegemeza kwenye mto, miguu imenyooshwa juu ya meza. Mkono wa kulia ulikuwa na biskuti. Wa kushoto ulikuwa na soksi ya vifungo, anaitikisa kama kayamba.

"Funga mlango, mwanangu. Upepo unaingia."

"Shangazi!"

"Nini? Si vinalia?"

"Ngazi hazina masikio, Shangazi."

Akaacha kutikisa. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. "Nikifanya kweli nikashindwa," alisema polepole, "nitajua kwamba nimeshindwa. Hivi angalau sijajua." Kisha akaendelea na biskuti, kwa kuwa ilikuwa imebaki nusu.

Nilimwambia Mzee. Asubuhi alichukua kioo chake cha kuweka jichoni, akainama nyuma ya cherehani ya sebuleni, akatoa skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama, akaitumbukiza mfukoni mwa shati lake. Shangazi alipobonyeza, mota ilikohoa na kunyamaza.

"Mzee, mashine imekufa."

"Mota imekufa," alisema Mzee. "Mashine ni nzima. Mkanda wake wa zamani nimekurudishia. Kanyaga."

"Wewe fundi saa mzima, mota inakushinda?"

"Umri, mke wangu."

Akakanyaga kwa hasira. Na hasira, kama kuna mtu hajui, ni mazoezi mazuri sana. Alizoea kutokuwa na siku isiyo na mshono, kwa hiyo kila siku alikanyaga. Mzee naye hakuishia hapo. Kapu la vitambaa, ambalo siku zote lilikaa juu ya meza, lilihamia rafu ya chini kabisa ya kabati. Shangazi akitaka kipande lazima asimame, avuke chumba, achuchumae, ainuke. "Panya," Mzee alieleza, bila kufafanua. Jioni alimsimamisha kwenye mlango wa chumba cha kulala akae kiti cha hewa, na badala ya saa alimpimia muda kwa hadithi ya saa ya hakimu mmoja ambayo iliwashinda mafundi wote wa mji. Shangazi alikuwa akiteleza chini kabla ya hadithi kufika popote.

"Sasa ilikuwa na ugonjwa gani hiyo saa?"

"Kaa mpaka mwisho utajua."

"Mzee, nimeolewa na wewe miaka yote hii, niambie tu."

"Kaa."

Siku moja aliinuka kwenye stuli fupi bila kushika kitu, akasimama pale katikati ya sebule akiwa ameshangaa, kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Tangu hapo soksi ya biskuti haikulia tena.

Tatizo likawa kazi. Wateja walikuwa wachache tangu aanguke, na sheria ni sheria: haikanyagwi tupu. Mabaki ya vitambaa yalipoisha, Shangazi akaanza nyumba. Alipunguza mapazia, akayarefusha. Taulo za jikoni zikapata pindo, na pindo zikapata pindo. Foronya zilishonwa mdomo, mto ukiwa ndani. Begi langu la safari lilipata mfuko ambao sikuuomba na kupoteza zipu niliyoihitaji. Kisha akafungua kabati la Mzee.

Mzee aligundua akiwa kwa kinyozi. Nywele zilimpanda puani, chafya ikamjia, akapeleka mkono mfukoni kutafuta leso, mkono ukakataa kuingia. Alirudi nyumbani ameuinua mkono ule mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

"Mke wangu, umeshona mfuko wa suruali yangu."

"Mikono mfukoni inakuharibia bega. Lete niufumue."

"Na nyingine je?"

"Nyingine zipi? Mimi mtu wa kushona ovyo?"

Kumbe ile suruali nyeusi ya sherehe nayo ilikuwa imepitiwa mfuko mmoja. Tena siku ile miguu ilikuwa imechangamka. Kila mshono ulikwenda mara tatu.

Jumamosi ikafika. Mwenye nyumba alikuja na funguo zake kiunoni, Nesi alivaa raba kama anayekwenda uokoaji, na Mzee, kwa heshima ya siku yenyewe, alivaa suruali nyeusi na koti lake. Shangazi alikuwa na gauni la kazi, pini zake zimechomwa kwenye kola kama kawaida, na kifurushi cha nguo kwapani.

"Hicho cha nini, Mama?"

"Kazi za watu. Nitapanda bure?"

Alipanda. Mguu wenye goti bovu ulitangulia, mwingine ukafuata. Nesi alikuwa nyuma yake, mikono imenyooshwa kama anayesubiri mtungi udondoke. Ghorofa ya kwanza Shangazi aligonga mlango, akamwita mama wa mapacha, akamvisha blauzi pale pale kwenye korido, akamzungusha, akamzungusha tena, akamwuliza habari za watoto wote, mmoja baada ya mwingine, huku pumzi zikimrudi. Ghorofa ya pili ikawa zamu ya mpiga chapa mstaafu, ambaye koti lake lilikuwa halina kasoro yoyote. Shangazi alilitafutia kasoro kwa muda mrefu.

"Mama, unapumzika," alisema Nesi.

"Napima. Wewe ukipumzika ghalani unaandika nini?"

Mwenye nyumba akakohoa kuficha kicheko. Lakini ngazi za mwisho hazikuwa na jirani. Huko juu kulikuwa na chumba chake tu na tangi la akiba. Shangazi alimkabidhi mpiga chapa kifurushi kilichobaki, akaziangalia zile ngazi, na uso wake ukaacha utani wote. Tulisikia kandambili zake, tukasikia pumzi yake, na katikati tukaona paja likitetemeka ndani ya gauni kama kitambaa chini ya sindano. Mkono wa Nesi ulisogea.

"Usiniguse," alisema Shangazi bila kugeuka.

Akafika. Aliweka kiganja juu ya mlango wake na kufumba macho.

"Mzee. Ufunguo."

Mzee, aliyekuwa ameuhifadhi katika suruali ya sherehe tangu siku Shangazi alipoanguka, alipeleka mkono kwenye mfuko wa pembeni wa suruali nyeusi. Mkono ukakataa kuingia.

Mzee alipapasa kwa nje. "Umo," alisema. "Nausikia. Umo ndani."

"Nilidhani ni peremende," alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

Mzee alivuta. Suruali yote ilimfuata, mshono haukusikia. Nesi akageuka. "Nashuka kuleta kisu."

"Kisu kwenye mshono wangu? Thubutu!"

"Basi Baba avue."

"Mbele ya mwenye nyumba?" alisema Mzee.

Shangazi alichomoa pini kwenye kola. Akageuza mgongo, akauegemeza kwenye mlango wa chumba chake, akashuka taratibu mpaka macho yake yalipofika usawa wa mfuko. Kiti cha hewa. Mzee akasogea karibu, akainua koti, na Shangazi akaanza kufumua uzi tundu moja moja, safu ya kwanza, akaingia ya pili.

Mzee alimwangalia utosini. "Basi yule hakimu," alianza, "aliniletea saa yake imefungwa kwenye leso tatu."

"Usinichekeshe, nitakuchoma."

"Mafundi wote walikuwa wameifungua. Hakuna aliyeona kibaya. Nikaitazama siku mbili."

Jasho lilikuwa linamdondoka Shangazi kwenye kidevu. Miguu ilitetemeka, ikakaza, ikatetemeka tena. Safu ya tatu.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza kwa meno yaliyobana.

"Hakuna. Ilikuwa haijatiwa ufunguo. Kila mtu alidhani mwenzake ameitia."

Uzi wa mwisho ukatoka. Shangazi alitia vidole, akautoa ufunguo, na kwa muda akabaki pale chini akimtazama mume wake. "Hadithi yenyewe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Miaka yote!" Na akainuka. Hakushika mlango, wala koti la Mzee, wala mkono wa Nesi uliokuwa pale umebaki wazi hewani. Aliinuka tu, polepole, kama unga unaoumuka.

Nesi alikaa kwenye ngazi ya juu, akavua raba moja. "Mwambie huyo mtu atafute chumba kingine," alimwambia mwenye nyumba.

Mlango ulifunguka. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu kwa adabu, na mwanga ulikuwepo, mpana, bila haraka, kama haukuambiwa kwamba kuna mtu aliyekuwa haji. Shangazi aliketi kwenye mashine yake kubwa ya kukanyaga, akapangusa kwa kiganja, akaweka miguu yote miwili kwenye pedeli. Kisha akakumbuka sheria, akageuka kututazama mmoja mmoja.

"Nipeni kitambaa."

Mzee alishika mfuko wake uliobaki kwa mikono miwili.